Makimbilio ya Wanawake: Habari Zake Tangu Mbweni hata Kiabakari

Katika kitabu hiki cha Yubilei wengine wamekwisha kuandika habari za makanisa na shule, na habari za Mapadre Weupe waliofungua misheni ya Nyegina mwaka 1911, na za Mapadre wa Maryknoll waliokuja Musoma mwaka 1946. Habari hizo ni njema, nazo zapendeza kusomwa. Mimi nimetakiwa niandike habari ya jambo linalonenwa kwa sauti ya chini katika vigango vyetu, au lisilonenwa kabisa, yaani habari ya wanawake na mabinti walioshikwa kwa nguvu na kunajisiwa, au waliokimbia kisu cha ngariba, au waliokimbia ndoa wasiyoikubali. Na habari ya nyumba zilizofunguliwa ili wapate pa kulala. Nimeandika kwa kuwa najua jambo hili halikuanza jana, na kwa kuwa mimi mwenyewe nina deni ndani yake.

Kwanza nataka tuangalie Maandiko. Mwalimu wa dini hufundisha watoto habari za miji sita ya makimbilio iliyotengwa katika nchi ya Israeli, mitatu ng'ambo hii ya Yordani na mitatu ng'ambo ile. Miji ile aliwekewa mtu aliyeua pasipo kukusudia, apate kukimbilia humo asiuawe na mlipiza kisasi. Nimefundisha habari hiyo miaka mingi, wala sikufikiri neno juu yake, hata siku moja nilipoisoma karibu na habari ya Tamari, binti wa Daudi. Tamari alinajisiwa na ndugu yake Amnoni. Alipotoka nje na majivu kichwani hapakuwa na mji wa kumpokea. Alikwenda nyumbani kwa Absalomu, ndugu yake mwingine, naye alimwambia anyamaze. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, vikaja vita na misiba mingi, na Kitabu chasimulia mambo ya wanaume wale kwa urefu. Lakini yeye Tamari hatuambiwi tena habari zake. Alibaki ndani, katika nyumba ya mwanamume, amenyamazishwa. Walimu wenzangu, fikirini kama hatujui nyumba za namna ile katika vijiji vyetu.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, makimbilio ya wanawake yanayokumbukwa katika historia ya Kanisa yalianza pwani, wakati wa biashara ya watumwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na huko watoto waliokombolewa walipewa makao, wasichana wakitunzwa na Masista. Unguja, Waanglikana wa misheni ya UMCA walinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, wakaweka huko wasichana na wanawake waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Mwaka 1877 alikuja Bibi Caroline Thackeray, akaisimamia shule ya wasichana ya Mbweni miaka mingi, naye alikufa Unguja mwaka 1926. Hapana haja ya kueleza sana mambo yaliyowapata wanawake katika safari ya utumwa, njiani na majahazini. Kila mtu mwenye akili ayajua, ingawa vitabu vya zamani vyayapita upesi. Jambo la kuangalia ni hili: watu wa Mbweni waliona mapema kwamba wasichana wale wapewe nyumba yao wenyewe, na mwenye kuwatunza awe mwanamke.

Walakini sisemi kwamba Mbweni ilikuwa paradiso. Wasichana walilelewa ili waolewe na walimu na makasisi wa misheni, na hivyo binti alitoka mkononi mwa bwana akaingia katika mipango ya wazungu. Makimbilio yaweza kuwa na ukuta mzuri na bado yakamsahau aliyemo ndani kwamba yeye ni mtu mwenye kauli yake.

Tena kuna habari ya Kijabe, katika nchi ya Kenya. Huko misheni ya Africa Inland ilikuwa na makao ya wasichana, na mabinti wa Kikuyu walikimbilia humo, wengine wakikataa kutahiriwa na wengine wakikataa waume waliochaguliwa na baba zao. Mwaka 1929 yakatokea mashindano makubwa baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, na Januari 1930 Bibi Hulda Stumpf wa misheni ile aliuawa usiku katika nyumba yake. Watu wengi wa wakati ule waliona kwamba mgeni anayekataza tohara ndiye yule yule anayechukua ardhi. Hofu ile ilidumu muda mrefu, nayo ilifika hata kwetu, kwa maana mzee wa Kikurya akitaka kukataa neno la katekista husema kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Kwa hiyo nyumba nitakazozitaja mbele zina faida moja ambayo Kijabe haikuwa nayo: zimesimamishwa na wanawake wa hapa hapa, wengine wao waliopitia kisu wenyewe.

Sasa nije Mara. Masista wa Maryknoll walifika Kowak mwaka 1948, na tangu siku zile baraza ya Masista ilikuwa mahali ambapo msichana aweza kukaa akalia. Lakini haikuwa nyumba ya makimbilio iliyopangwa. Kwa miaka mingi makimbilio yetu yalikuwa jiko la mke wa katekista, au chumba cha shule wakati wa likizo, au kwa shangazi aliye mbali. Binti aliyetoroka alifuatwa asubuhi na baba yake na kaka zake, na mara nyingi mwenye nyumba alimtoa, maana alisema, «Mtoto ni wa baba yake.»

Yanipasa niseme neno langu mwenyewe hapa. Mwaka 2006 nalikuwa katekista kijana, nina mwaka wa pili katika kazi. Usiku mmoja bibi kizee alimleta mjukuu wake nyumbani kwetu. Msichana alikuwa na umri wa miaka kama 15, ametoka kuchota maji, na mtu wa jamaa yao amemshika njiani. Mimi, kwa kudhani nafanya vema, nalimwambia aoge, apumzike, na asubuhi nikawaita wazee watatu wa kigango. Tuliketi katika sebule yangu, wanaume wanne, naye tukamweka katika kiti kilichotuelekea, tukamwuliza. Alisema, «Sijui.» Tukamwuliza tena, akasema vile vile. Mzee mmoja akasema kwamba asiyejua hana kesi. Baada ya siku tano baba wa msichana na watu wa upande wa pili walipatana kwa ng'ombe wanne, na kwa kuwa mimi nalikuwa na mwandiko mzuri, ndimi niliyeandika karatasi ya mapatano. Nalipiga mstari chini kwa rula.

Mke wangu alikuwa jikoni muda ule wote. Usiku wa kwanza, kabla sijawaita wazee, msichana alikuwa amemweleza kila neno pale mekoni, tangu mwanzo hata mwisho, pasipo kuulizwa. Mke wangu hakuitwa sebuleni. Ni mimi nisiyemwita.

Basi mtu akiniuliza kwa nini nyumba hizi ziwe za wanawake peke yao, na kwa nini mlango ulindwe na mwanamke, simjibu kwa maneno ya semina. Namwambia habari ya viti vile. Sisi wanne hatukuwa watu wabaya. Mmoja alikuwa mkarimu kuliko wote ninaowajua. Lakini mtoto aliyeumizwa na mwanamume hawezi kusimulia jambo lile mbele ya wanaume wanne wenye sauti kama ya yule aliyemwumiza, tena mmoja wao ni rafiki wa baba yake. Mwili wake wakataa. Ukinyamaza ulimi, watu husema hakuna neno. Na kumbe neno lilikwisha kunenwa penye moto, kwa mwanamke mwenzake.

Serikali nayo ilikwenda polepole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Wanawake wa Dar es Salaam waandikao habari walikuwa wameunda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, nao pamoja na wengine walipiga kelele hata ikapatikana sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana. Sheria ile yamtia mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, nayo yaadhibu kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hata 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya ndoa za utotoni katika sheria ile ya 1971 vyapingana na Katiba, katika shauri lililoletwa na Bibi Rebeca Gyumi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha neno hilo. Haya ni makubwa. Lakini hukumu iliyotolewa Dar es Salaam haimfungulii mtu mlango saa nane za usiku katika kijiji cha Serengeti.

Milango ilianza kufunguliwa mwaka 2008, kule Masanga katika nchi ya Tarime, kambi ilipoanzishwa ya kuwapokea mabinti katika miezi ya kukeketwa. Wenyeji wajua kwamba miezi hiyo ni mwisho wa mwaka, shule zifungwapo, na kwamba kwa Wakurya miaka yenye hesabu ya shufwa ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi. Hapa mjini Musoma, Masista wa Moyo Safi wa Maria Afrika wana kituo chao kiitwacho Jipe Moyo, ambacho kimewapokea watoto wa mitaani na wasichana waliokimbia kwao. Na mwaka 2014 ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Mara walifungua nyumba salama Mugumu, katika Serengeti, ikisimamiwa na Bibi Rhobi Samwelly. Bibi huyo amesimulia hadharani jinsi alivyokeketwa angali mtoto akatokwa na damu nyingi karibu kufa. Mwaka 2017 alianzisha shirika liitwalo Hope for Girls and Women Tanzania, na hilo likawa na nyumba mbili, ile ya Mugumu na nyingine Kiabakari katika wilaya ya Butiama.

Kiabakari twaijua kwa sababu nyingine pia. Hapo ndipo mahujaji huja katika kanisa la Huruma ya Mungu, kwa mabasi, kwa baiskeli na kwa miguu. Sikupanga mimi kwamba nyumba ya wasichana iwe karibu na mahali pale, lakini nafurahi kwamba ndivyo ilivyo.

Kazi ya nyumba hizi nitaieleza kwa wale wasiozijua, maana zasingiziwa mengi. Binti huja mwenyewe, au huletwa na mwalimu, au na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Ofisa wa ustawi wa jamii huarifiwa. Huoni mambo ya siri kama yale yanayosemwa vilabuni, kwamba watoto wauzwa Ulaya. Mtoto hula, hulala, huonwa na mganga, hupelekwa shule. Aliyeacha shule hufundishwa kushona na kazi nyinginezo. Iko na kazi moja ya ajabu. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea, wengi wao walio ng'ambo, wamechora kwa intaneti ramani za vijiji vya Tanzania ambavyo havikuwa katika ramani yo yote, ili polisi na watu wa nyumba salama wakipigiwa simu usiku wapate kujua njia. Mzee mmoja wa kwetu alicheka aliposikia kwamba mtu aliyeketi Uingereza anachora mto wetu. Baadaye alionyeshwa ramani katika simu, akauona mto, akanyamaza.

Msimu ukiisha ndipo ugumu unapokuja, nao watu wa nje hawauoni. Wazazi huitwa, huketishwa pamoja na polisi na watu wa ustawi, nao huandika ahadi kwamba binti akirudi hatakeketwa. Wazazi wengine huja kwa machozi, wakamchukua mtoto wao kwa furaha. Wengine hawaji. Wengine huja na kusema mbele ya watu wote kwamba huyu si mtoto wao tena. Hao watoto hubaki, na nyumba iliyopangwa kwa wiki chache huwa kwao. Na aliyenajisiwa na baba au mjomba hawezi kurudishwa hata ahadi ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Mimi niliyeandika karatasi ya ng'ombe wanne najua uzito wa karatasi.

Wengine watasema kwamba wazee wetu nao walikuwa na nyumba za wanawake peke yao, nao watataja nyumba ntobhu ya Wakurya, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke kijana ili azae watoto wa nyumba yake. Sitapuuza jambo hili. Wako wanawake waliosema wenyewe kwamba waliingia nyumba ile kwa sababu waliogopa kupigwa na waume. Mwanamke anayetafuta nyumba isiyo na fimbo atutia aibu sisi waume Wakristo kwanza. Lakini mahari hulipwa, na aliye maskini huingizwa angali mdogo, na wanaume wa kumzalisha huchaguliwa si naye. Kwa hiyo siwezi kuiita makimbilio, ingawa yaonyesha kwamba haja ilikuwako kabla ya sisi kuiona.

Katika nchi za jirani haja ile ile imezaa mambo makubwa. Mwaka 1990 wanawake 15 wa Kisamburu katika Kenya, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, waliunda kijiji chao wakakiita Umoja. Baadhi yao walisema wamenajisiwa na askari wa Kiingereza, kisha wakafukuzwa na waume zao kana kwamba kosa ni lao. Wanaume hawaruhusiwi kukaa humo. Kule Bukavu, katika Kongo, Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, naye alipewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa sababu ya kuwatibu wanawake walionajisiwa vitani. Katika mji huo huo ilifunguliwa mwaka 2011 nyumba iitwayo Mji wa Furaha, ambapo wanawake walikaa miezi 6 wakitibiwa roho, wakijifunza, wakiimba, kabla ya kurudi makwao. Kwetu hakuna vita, twamshukuru Mungu. Lakini uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wametendewa jeuri ya namna hii kabla ya kufika miaka 18. Hesabu hiyo ni ya nchi iliyo na amani.

Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba mvulana 1 katika kila 7 ametendewa vile pia. Nalitaja kwa sababu mvulana naye hunyamaza, pengine zaidi. Apewe mahali pake na watu wake wa kumsikiliza. Wala si lazima kumnyang'anya dada yake chumba ili yeye apate.

Katika mkoa wa Mara kukeketwa kwapungua. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 32 katika kila 100, na ule wa mwaka 2022 ulikuta 28. Ni hatua fupi kwa miaka mingi, na mtu asijisifu. Wasichana wengine sasa hukeketwa wangali wadogo sana, kwa siri, ili wasipate akili ya kukimbia.

Namaliza kwa mambo ya kigango, maana nyumba ya Mugumu au ya Kiabakari iko mbali na wengi wetu, na kutoka Bunda au Majita mtu hawezi kwenda kwa miguu. Katekista akiamshwa usiku na binti mwenye habari kama hii, amwamshe mkewe, naye mwenyewe atoke nje, aketi mlangoni alinde. Asimwulize neno. Asimwambie aoge kama nilivyofanya mimi, na nguo zake zitiwe katika karatasi, si katika mfuko wa nailoni. Kabla saa 72 hazijapita afike hospitali, maana dawa ya kumkinga na ukimwi haifai baada ya hapo, na kwa polisi aandikiwe ile fomu ya PF3. Mwanamke mmoja amsindikize kila mahali hata jioni. Wazee wasiitwe. Akitokea mtu na habari za ng'ombe, ajibiwe kwamba kesi hiyo ni ya Jamhuri.

Nauli ya watu wawili iwekwe akiba katika kila kigango, mkononi mwa mama mmoja wa WAWATA, naye katika hesabu za mwisho wa mwaka asiulizwe imetumika kwa ajili ya nani.